Viatu Nyuma ya Pazia

"Sikiliza mwenyewe, afande. Halafu uniambie kama mimi ni kichaa."

Mama huyo aliingia kituoni asubuhi, chai haijafika, mwavuli unamchuruzika maji miguuni, na wala hakusubiri kuitwa. Alipita kaunta, akapita benchi la watu walioibiwa simu, akaenda moja kwa moja hadi mezani kwa Kobe na kubwaga simu yake juu ya mafaili kama mtu anayebwaga samaki sokoni.

Kobe ndilo jina ambalo wenzake walimbandika Inspekta, na si kwa sababu ya kipara peke yake. Anatembea polepole, anakula polepole, ukimuuliza saa ngapi anafikiria kwanza. Lakini kesi akishaishika anajikunyata nayo ndani ya gamba, na humtoi hata kwa nyundo.

"Kaa kwanza, mama."

"Nimekaa vya kutosha. Bonyeza."

Kobe akabonyeza. Kwanza ilisikika minong'ono ya watu wengi ndani ya chumba kimoja, mtu anakohoa, kiti kinaburuzwa. Halafu ikaja sauti ya mwanamume, nzito kidogo, inakwenda bila haraka. Ilikuwa inasimulia habari za watoto wawili, dada na kaka yake mdogo, wamejificha juu ya bati la stoo baada ya kuvunja kioo cha jirani. Jirani kakaa chini na fimbo, anawasubiri. Yule mdogo kabanwa na mkojo, na bati limeanza kulia kila akijikunja. Watu wakaangua kicheko. Hapo kipande kikakatika.

"Huyo ni mdogo wangu," mama akasema. "Na kioo hicho tulivunja sisi."

"Sawa. Ni mwandishi?"

"Alikuwa. Nimemzika tangu kabla ya mvua."

Kobe akautoa mkono juu ya simu, taratibu, kama vile imemwambia kuwa ina moto.

Yule mama akaeleza. Tumwite Dada, maana ndivyo yule marehemu alivyomwita maisha yake yote. Mdogo wake alilala kwenye nyumba ya wageni, safarini, nyumba ikashika moto usiku. Waliotolewa mle ndani hawakuwa watu wa kutazamwa. "Walinipa bangili yake ya chuma. Wakasema mama, chukua hii, mengine usiangalie. Nami sikuangalia. Nimezika sanduku, afande. Nimezika sanduku na maneno ya daktari."

"Na hii imerekodiwa lini?"

"Alhamisi iliyopita. Hapo chuo kikuu. Wana mambo yao, wanaalika waandishi kutoka huku na huku, wanakuja wanawasomea wanafunzi. Imezunguka simu kwa simu mpaka mtoto wa shangazi akaniletea. Akaniambia, Dada, hebu sikia huyu jamaa anavyofanana na marehemu." Akacheka kicheko kikavu kisichofika machoni. "Anavyofanana!"

"Labda mtu mwingine alikuwa anasoma hadithi yake."

"Hadithi hiyo haijawahi kuchapwa popote. Na sauti je? Sauti wataiazima wapi? Mama yetu alipofariki huyo alikuwa hajaota meno, nimemlea mgongoni. Alikuwa akiweweseka chumba cha pili, mimi huku najua anaota nini."

Dada akainamisha kichwa, akaanza kukunja ncha ya kitenge.

"Jana nimetoa magunia chumbani kwake," akasema kwa sauti ndogo. "Nimefagia. Nimemtandikia kitanda."

Hapo ndipo Kobe aliposimama kuchukua koti. Kama mdogo mtu alikuwa hai, basi kuna mtu mwingine kaburini, na kuna mkono uliomvalisha bangili isiyo yake. Hiyo ni kesi ya mauaji. Na kama alikuwa mfu, basi watu wazima na akili zao, wengi wa kujaza ukumbi, walikaa wakamsikiliza maiti na kumpigia makofi. Hiyo Kobe hakujua iitwe kesi ya nini.

* * *

Chuoni, kila aliyeulizwa alinyoosha kidole upande ule ule: nenda kwa Mama Pazia.

Alikuwa mwalimu wa fasihi, mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Ofisi yake ilijaa maboksi ya vikombe vya plastiki na gundi ya kubandikia mabango. Ukutani yalikuwepo mabango ya wageni wote waliowahi kuja, yamepangana hadi darini. Kobe aliyatazama moja moja. Lilikuwepo jina, ilikuwepo siku, ulikuwepo ukumbi. Sura haikuwepo hata moja.

"Mbona hamna picha?"

"Ndio utaratibu wetu, afande." Mama Pazia akatabasamu kama mtu anayesifiwa mwanawe. "Mgeni wetu anasoma akiwa nyuma ya pazia. Zamani tulikuwa tunawaweka mbele, watu hawasikilizi. Huyu anatazama shati, yule anauliza kama ameoa. Nikasema basi, nikanunua kitambaa cheusi, nikafunga. Tangu siku hiyo watu wanasikiliza maneno. Wanatoka mikoani kuja kusikiliza."

"Na akimaliza kusoma?"

"Akitaka anatoka, tunamwona. Asipotaka anapita mlango wa nyuma. Wengi wanatoka tu. Waandishi nao wanapenda makofi kama waimbaji."

"Huyu wa Alhamisi?"

"Alipita nyuma. Alikuwa na haraka."

"Wewe ulimwona kwa macho yako?"

Mama Pazia akanyanyua kikombe cha chai, akakirudisha bila kunywa. "Si nimempokea mwenyewe! Nikampa na maji."

"Yukoje?"

"Wa kawaida. Mrefu wa wastani, kavaa koti. Kwani amefanya nini?"

"Amekufa."

"Lini?"

"Kabla ya mvua. Nyumba iliungua naye ndani. Dada yake yuko hapo nje kwenye benchi."

Kikombe kikapinduka. Chai ikakimbia mezani, ikaingia kwenye boksi la vikombe, na Mama Pazia akawa anaifuta kwa mkono mtupu, anafuta pale ambapo hata haijafika. Uso ulikuwa umemshuka wote. Kobe akasubiri. Mtu aliyempa marehemu maji Alhamisi angepiga ukelele, angecheka, angesema afande umelewa. Huyu alikuwa anafuta meza.

"Mimi nilimwona," Mama Pazia akasema mwishowe, taratibu, kama anayekanyaga ubao asiojua kama utambeba. "Labda dada yake amekosea."

"Labda. Naomba nikaone ukumbi."

Ukumbi ulikuwa jengo la peke yake, madirisha juu kabisa, mwanga unaoingia ni wa kijivu na wa kubahatisha. Mvua ilikuwa inapiga kuta. Huko mbele, kutoka ukuta hadi ukuta, lilining'inia pazia jeusi kwenye waya, na ingawa feni zilikuwa zimezimwa na madirisha yamefungwa, lilikuwa linavuta pumzi: linaingia kidogo, linatoka kidogo. Kobe, ambaye amewahi kulala ndani ya gari nje ya mochwari bila wasiwasi, alijikuta anakohoa makusudi kabla ya kulisogeza.

Nyuma yake kulikuwa na kiti, meza ndogo, taa ya mezani, na glasi ya maji iliyojaa hadi ukingoni, vumbi limeelea juu. Chini, pazia lilikuwa limepungukiwa, halikugusa sakafu. Mtu wa upande wa pili angeweza kuona miguu ya kiti.

"Mlango wa nyuma ni huu?"

"Ni huo."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Kobe akaukaribia. Komeo lilikuwa la chuma, la zamani. Nyigu walikuwa wamelijengea. Kichuguu cha udongo, kigumu kama saruji, kilikuwa kimeshika komeo na fremu kwa pamoja, kizima, hakina hata ufa, na vitundu vyake vimeshakauka, watoto wa nyigu wameshakua na kuondoka zamani. Akakigusa kwa ukucha. Akajifuta kwenye suruali.

"Ukumbi mzuri," akasema, na kulirudisha pazia mahali pake.

* * *

Kile kipande cha simu kilikuwa kimerekodiwa na mwanafunzi mmoja wa kike ambaye wenzake wanamwita Redio, na hukuhitaji kuuliza kwa nini.

"Afande, mimi nilijua tu! Nilisema siku ile ile, hapa kuna kitu! Waulize wenzangu, nilisema, wakanicheka. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Dada akaitikia kwenye benchi, hajamtazama, anatazama mlango wa ukumbi.

"Anza mwanzo," Kobe akasema. "Na uende pole, naandika kwa mkono."

"Mwanzo tulichelewa kuanza. Watu wamejaa mpaka madirishani, wengine wamebebana. Mwalimu anatoka anaingia, anatoka anaingia, simu sikioni. Tukaanza kupiga miguu chini. Mara taa zikazimwa, ikabaki ile ndogo ya nyuma, Mwalimu akaja mbele akasema mgeni amefika, tumwachie nafasi. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye sakafu, mbele kabisa, viti viliisha. Pazia halifiki chini, kwa hiyo nikawa naona viatu vyake."

"Viatu gani?"

"Vya kahawia, vya kamba. Vimepigwa rangi vizuri."

Dada akanyanyuka kama kachomwa. "Vya kahawia! Alikuwa navyo! Afande, si nilikwambia?"

"Mama, hata mimi ninavyo." Kobe akainua mguu kumwonyesha. Lakini Dada alishakuwa amesimama, kiganja mdomoni, machozi yanamlenga, na maneno ya Kobe yalipita juu ya kichwa chake kama ndege.

Kobe akamgeukia Redio. "Alikuwa anavifanyaje?"

"Nini?"

"Hivyo viatu. Anatikisa mguu? Anapishanisha? Anajikuna kwa kisigino?"

Redio akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe pengine, hakikutoka kitu. Akafikiri.

"Afande... havikusogea. Hadithi yote, ndefu vile. Mimi mguu umekufa ganzi, nimebadilisha mkao sijui mara ngapi. Yeye, wala! Nikasema huyu jamaa kweli kazama kwenye hadithi."

"Na mlivyocheka?"

"Usinikumbushe!" Akajishika mabega. "Tulicheka, sawa, pale kwenye mkojo. Tukanyamaza. Halafu kuna watu wakaendelea kucheka. Si sisi. Kule mbele. Kule kule nyuma ya pazia, afande, watu wengi, lakini kwa mbali, kama wako chini ya maji. Nywele zikanisimama. Rafiki yangu ananiambia ni mwangwi. Mwangwi gani una kicheko cha mwanamke?"

"Mwanamke?" Dada akamshika mkono. "Alikuwa na mwanamke? Ameoa huko alikokuwa?" Akawa anatabasamu na kulia kwa pamoja. "Mjinga huyu! Ndio maana amejificha, ameoa bila kuniambia!"

Redio akamtazama Kobe. Kobe akatazama kijitabu chake, akakifunga.

"Na maswali? Baada ya kusoma mlimuuliza maswali?"

"Tulitaka. Mwalimu akasema mgeni koo limemkauka. Tukapiga makofi, pazia likatulia tuli, hakuna mtu aliyetoka. Tukaenda zetu. Njia nzima hatukuongea, hata mimi."

"Hata wewe," Kobe akasema. "Hilo nalo nitaliweka kwenye jalada. Mwite Mwalimu. Tukutane ukumbini."

* * *

Mchana ulikuwa umefika lakini mle ndani usingejua. Kobe aliwapanga kama mtu anayepanga harusi. Redio chini sakafuni, pale pale alipokaa. Dada kwenye kiti cha nyuma yake. Mama Pazia pembeni, amesimama, mikono ameifungia kifuani.

"Mimi sijui kusoma mbele za watu," Kobe akasema, "kwa hiyo mtanivumilia."

Akaingia nyuma ya pazia. Kiti kikalia. Taa ndogo ikawashwa. Halafu wakamsikia anasoma, kwa ile sauti yake ya kuandikia makosa ya barabarani, maelekezo yaliyobandikwa kwenye mtungi wa kuzimia moto: vuta pini, elekeza mdomo chini ya moto, simama mbali. Dada akafumba macho. Kobe akakatisha.

"Redio! Miguu yangu inafanya nini?"

"Inacheza muziki, afande!" Redio akacheka. "Sasa umepishanisha. Sasa unagonga kidole. Umerudisha."

"Na mimi nimewahi kukaa chini ya kitanda cha mwizi nusu siku, nimefundishwa kutulia. Subiri." Akaendelea kusoma. Vuta pini, elekeza mdomo. "Na sasa?"

"Sasa umetulia."

"Vizuri?"

"Kabisa." Kicheko kilitoweka kwenye sauti ya Redio. "Afande, sasa ndiyo vile vile. Hivyo hivyo. Kama siku ile."

"Simama mbali," sauti ya Kobe ikamalizia maelekezo, lakini haikutoka nyuma ya pazia. Ilitoka pembeni, karibu na ukuta, ambako Inspekta alikuwa amesimama na soksi, moja imetoboka kidole gumba. Viatu vyake vilikuwa bado kule, vya kahawia, vimekaa sawasawa mbele ya kiti, vinawatazama.

Redio alitambaa kinyumenyume mpaka akagonga magoti ya Dada.

Mama Pazia akatafuta kiti, akakikosa, akakaa kwenye ngazi ya jukwaa.

"Mlango wako wa nyuma nyigu wameshaufunga siku nyingi," Kobe akasema, wala hakupandisha sauti. "Maji uliyompa hajayagusa. Kicheko kimecheka baada ya watu kunyamaza, kwa hiyo kilikuja na hadithi yake. Hapa hakukuwa na mtu. Ilikuwa ni kanda. Viatu ni vya nani?"

"Vya mume wangu." Alisema akiwa ameangalia sakafu. "Vilikuwa kwenye gari, navipeleka kwa fundi."

"Sema yote."

"Afande, we hujui kazi hii. Mgeni unamwomba kama unaposa. Tiketi wewe, chumba wewe, ukumbi wewe, mabango unabandika wewe kwa gundi yako. Siku ikifika anakwambia mtoto anaumwa. Wawili walishaniangusha hivyo, mmoja baada ya mwingine. Mkuu wa kitivo akaniita, akasema wa tatu asipotokea, kunja pazia lako uende nalo nyumbani. Huyu alikubali mwenyewe, tena kwa furaha, muda mrefu tu uliopita. Siku yenyewe watu wamejaa, simu yake haipatikani. Nikadhani amenidharau tu! Ningejuaje? Hakuna gazeti lililoandika, hakuna mtu aliyeniambia. Ofisini nilikuwa na kanda yake, aliwahi kutusomea zamani, bado kijana, hajulikani. Nikasema si ni yeye yule yule? Si ni sauti yake? Watu wamekuja kusikia sauti yake."

"Hiyo ni Alhamisi. Leo asubuhi nimekwambia amekufa. Ukaniambia ulimwona."

Mama Pazia akavua miwani. "Niliona chuo kizima kinanicheka. Kwamba niliwakalisha watu wakasikiliza viatu."

"Na huyu mama umwache akatandike kitanda."

Wote wakamgeukia Dada, wakitegemea kilio. Dada alikuwa amekaa wima, uso mkavu.

"Muongo," akasema.

"Ndiyo, mama, alidanganya. Lakini sasa..."

"Sasa ndiyo anadanganya!" Akasimama. "Anamficha. Amemwambia asiseme, na huyu anamtii. Ameona polisi ameogopa, anatunga habari za kanda. Viatu! Mtu mzima na masomo yake yote ataweka viatu? We mwalimu, nitazame. Mdogo wangu yuko wapi?"

"Dada yangu, nakuapia..."

"Mimi si dada yako. Iko wapi hiyo kanda?"

Mama Pazia akainuka kwa shida, akaenda ofisini, akarudi amekumbatia redio ya kaseti ya zamani kifuani, ile ya mpini. Akaiweka juu ya ngazi. Akabonyeza.

Ukumbi ukajaa sauti. Pale kwenye simu ilikuwa nyembamba. Hapa ilikuwa mtu mzima amesimama karibu yako. Watoto wakapanda juu ya bati. Jirani akakaa na fimbo. Pazia likavuta pumzi, likaachia. Redio aliyatoa macho kwenye vile viatu vya Kobe, akayarudisha, akayatoa. Mkojo ukambana yule mdogo, bati likalia, na ndani ya kanda watu wakaangua kicheko.

Sasa, bila ya kelele za Alhamisi juu yake, kicheko kile kilisikika chote. Kulikuwa na wanaume, kulikuwa na makofi ya mezani, na katikati, juu ya wote, kicheko kimoja cha mwanamke, kinapanda, kinakatika kama kimeishiwa hewa, kinaanza tena wengine wakishanyamaza.

"Ndiyo hicho," Redio akanong'ona. "Mwanamke mwenyewe ndiyo huyo."

Dada alikuwa ameinua kiganja, kama mtu anayesimamisha gari. Kicheko kikapanda tena. Midomo yake ikakifuata, bila sauti, kikapanda nacho, kikakatika nacho.

"Ni mimi," akasema.

Akapiga hatua moja mbele.

"Alinileta. Si humu, chumba kingine, kina makabati ya vitabu. Nikakaa karibu na mlango maana nilikuwa naona aibu, watu wote wasomi." Alikuwa anaongea na ile redio ya kaseti. "Akaanza kusema habari za bati. Sikujua kama aliandika. Nikacheka mpaka watu wakageuka."

"Maktaba ya zamani," Mama Pazia akasema. "Tulikuwa hatujaanza pazia."

"Kicheko hicho nilikuwa nacho enzi hizo." Akamgeukia Kobe, na sasa hivi alikuwa amezeeka kuliko alivyokuwa asubuhi. "Kwa hiyo nimemzika."

"Ndiyo, mama."

"Ni yeye yule kwenye sanduku."

"Ni yeye."

Dada akatikisa kichwa kukubali, kama mteja aliyetajiwa bei asiyoweza kuibishia. Kobe akamwambia Mama Pazia, bila kumtazama, kwamba ataandika maelezo kituoni kabla jua halijazama, na kwamba wale wale aliowakalisha Alhamisi atawaita tena humu humu, asimame mbele ya pazia, awaambie walichosikiliza, na awaambie aliyesoma ni marehemu. Mama Pazia akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena ingawa hakuulizwa mara ya pili. Hadithi ilikuwa imefika mwisho, makofi yakawa yanapigwa ndani ya kanda, naye akanyoosha mkono kuizima.

"Hapa huwa nakata. Baada ya makofi hakuna kitu."

"Iache," Dada akasema.

Makofi yakaisha. Viti vikaburuzwa. Watu wa siku ile wakaanza kuondoka, nyayo zao zikapita kwenye spika na kufifia, mtu akauliza ufunguo uko kwa nani, mtu akamjibu kitu wakacheka. Halafu ile sauti tena, lakini mbali na kipaza sauti, siyo ya kusoma, ya kawaida tu, ya kijana anayechungulia juu ya vichwa vya watu.

"Jamani, dada yangu mmemwona? Alikuwa hapo mlangoni. Mwambieni asiondoke bila mimi."

Ikafuata mikwaruzo mitupu ya kanda.

Dada akachukua mwavuli wake. Kobe alidhani anaondoka, akajiweka sawa amfungulie, na soksi zake hizo hizo. Lakini Dada alipofika mlangoni hakutoka. Alivuta kiti cha mwisho kabisa, akakaa, akaweka mkoba mapajani na kuushika kwa mikono miwili, uso ameuelekeza mbele. Kanda ikaendelea kuzunguka bila neno, na katika wale watatu hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuizima.